Msimu wa Ndama Asiye na Macho

Tukuyu, Jumapili, 19 Desemba 1976

Nimeolewa! Jana kanisani, mvua ikipiga mabati hata mchungaji akalazimika kupaza sauti kama mnadi, niliitwa mke wa Seni. Mimi Damari binti Asukile, niliyemaliza kidato cha nne Iringa mwaka jana na kuambiwa na wenzangu kwamba nachagua sana, nimechagua, na nimechagua vizuri kuliko wote. Seni ni mrefu, mweusi wa kung'aa, na anacheka kwa mabega. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni Msukuma. Wazee wake walihama na ng'ombe wao kutoka Maswa wakashukia bonde la Usangu, karibu na Ubaruku.

Tulikutana Agosti tu, Ipogolo ya Iringa, nilipokuwa nakaa kwa shangazi nikisubiri kazi. Basi lake liliharibika barabarani, akaja kuomba maji ya kunywa. Alikunywa bilauri nne huku ananitazama. Shangazi alisema, "Huyu hana kiu ya maji."

Nitaandika kila siku. Mke mwenye furaha kiasi hiki hawezi kunyamaza.

Jumanne, 21 Desemba

Mama ameniita jikoni kunifundisha tena yale ninayoyajua tangu utotoni. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona njiani anaacha njia. Akikosa pa kwenda, anajifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. "Ukimtazama usoni," mama amesema, "watauliza nani alikulea." Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitasifiwa Usangu nzima.

Amenipa na kuku mmoja jike, mwekundu, nikaanze naye mji.

Ubaruku, Jumatatu, 27 Desemba

Tumefika. Nimezoea milima inayoniegemea pande zote, na hapa mbingu imekaa moja kwa moja juu ya majani. Ng'ombe sijapata kuona wengi hivi mahali pamoja. Mama mkwe, ambaye wote tunamwita Mayu, amenishika mashavu mawili akasema nimekonda. Wifi yangu Kashindye, mdogo wake Seni, ameshanipachika jina, kwa ajili ya migomba ya kwetu: Wa Ndizi.

Baba mkwe, mzee Nyanda, nimemwona miguu tu. Anavaa viatu vya tairi. Alipokuja kunipokea nilikimbilia nyuma ya ghala la mpunga nikakaa mpaka akaondoka. Nimejificha vizuri sana. Mama angeona!

Jumapili, 2 Januari 1977

Seni ameniambia leo, tukiwa tunamenya karanga:

"Damari, baba anauliza kama unaumwa jino."

"Kwa nini?"

"Kila akikuona umejifunika."

"Hiyo ni heshima."

"Kwetu heshima ni kupiga magoti umsalimie. 'Mwangaluka, baba.' Halafu umletee maji ya kunawa. Basi."

"Nimtazame baba yako? Mama akisikia?"

"Mama yako yuko Tukuyu."

"Mungu yuko hapa."

Akacheka kwa mabega, na mimi yale mabega yakianza huwa nasahau tulikuwa tunabishana juu ya nini. Sikukubali, lakini. Nadhani ananijaribu aone kama nimelelewa.

Jumatatu, 10 Januari

Seni amekwenda Iringa kwenye mafunzo ya walimu mpaka Pasaka. Alisema atamweleza baba yake habari ya kujifunika kwangu, ila lori limepita mapema na mzee alikuwa malishoni. Nimelia kidogo. Nimenusa shati lake. Basi.

Jumatatu, 17 Januari

Nimejifunza kupepeta mpunga. Kashindye anasema napepeta kama mtu anayefukuza nzi. Nimemwambia kaka yake amependa mikono hiihii. Akasema, "Kaka yangu alikuwa na kiu, Wa Ndizi." Kumbe Seni alisimulia ile habari ya bilauri nyumba nzima! Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage.

Jumamosi, 29 Januari

Mvua. Tope. Nampenda Seni.

Jumamosi, 5 Februari

Mvua. Redio ya jirani inasema leo chama kipya kimezaliwa. Watu wameimba. Kuku wangu mwekundu anataga kila siku kama aliyeahidiwa zawadi.

Jumamosi, 12 Februari

Leo nimefanya jambo ambalo hakuna msichana wa Tukuyu amewahi kulifanya. Nilikuwa napita juu ya tuta kati ya majaruba mawili ya mpunga, maji kulia, maji kushoto. Mara nikaona viatu vya tairi vinakuja mbele yangu. Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikajitupa majini! Nimezama mpaka magotini, khanga kichwani, kimya. Viatu vikasimama. Sauti ya mzee, nzito, ya taratibu:

"Mtoto, mimi nanuka?"

Sikujibu, maana kujibu ni kusema naye. Akaondoka. Nimefika nyumbani nimelowa na ruba mguuni, lakini moyo wangu mweupe. Hata mama hakuwahi kuingia majini kwa ajili ya babu.

Jumamosi, 26 Februari

Leo ninaandika mengi.

Asubuhi ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe, ambaye Mayu anampenda kuliko wote, amezaa. Nilisikia Kashindye anapiga kelele, nikakimbia. Baba mkwe alikuwa malishoni, kwa hiyo niliingia zizini bila shida. Ndama jike, mzuri, miguu imara, manyoya kama yametiwa mafuta. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku akitafuta chuchu na anaipita. Anagonga mguu wa mama yake, anagonga mti. Mayu alimshika taya akamwinua uso. Kope zipo, zimeshikana. Mayu akazifungua kwa kidole. Ndani hamna kitu. Nyama laini tu ya pinki, kama ndani ya shavu.

Kashindye alirudi nyuma mpaka akagusa uzio. "Mayu, mbona hana macho?"

Nilipiga magoti kwenye tope, nikachovya kidole kwenye maziwa, nikampa ndama akinyonye, nikakisogeza taratibu mpaka mdomo wake ukapata chuchu. Alinyonya! Mkia ukazunguka kama wa ndama yeyote. Nilicheka. Nilipoinua uso, Mayu na Kashindye hawakuwa wanamtazama ndama. Walikuwa wananitazama mimi.

Jumapili, 27 Februari

Baba mdogo Bujiku, ndugu wa baba mkwe, amekuja kumwona ndama. Ana sauti ya mtu anayesema na ng'ambo ya mto hata akiwa karibu. Alisema achinjwe. Mayu akakataa.

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Barabara ya kwenda lami imekatika, hakuna gari linalopita.

Jumanne, 1 Machi

Nimemlisha ndama mara tatu. Anajua hatua zangu. Wanawake wa kisimani wananyamaza nikifika.

Jumamosi, 5 Machi

Sasa najua wananyamaza kwa nini.

Bujiku alikuja tena, akakaa na baba mkwe kwenye kivuli cha paa la jikoni. Mimi nilikuwa ndani nasonga ugali. Ukuta ni wa fito na udongo, na sauti ya Bujiku nimekwisha kuieleza.

"Mwanamke amekuja hapa anafumba macho kila akimwona mwenye ng'ombe," alisema. "Anakimbia. Anaingia kwenye maji! Miezi miwili anafumba macho yake kwenye mji huu. Sasa ng'ombe wako amezaa kilichofumba macho. Kaka, unataka uonyeshwe nini tena?"

"Labda ni aibu ya ugeni," alisema mzee.

"Aibu ya ugeni ni wiki moja. Kesho akimzalia Seni mtoto wa namna hii, utasema nini?"

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na ugali ulianza kushika chini.

"Barabara ikikauka," alisema mzee Nyanda, "utamsindikiza kwao. Akae huko. Seni akirudi tutazungumza."

Kwa hiyo hivyo ndivyo. Barabara ikikauka, narudishwa. Bibi harusi wa Desemba!

Kashindye aliingia amebeba kuni. "Wifi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hulii?"

"Nitalia baadaye. Sasa hivi nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Kwamba baba mdogo wako hajui macho yanatengenezwa lini."

Jumapili, 6 Machi

Mvua nzito. Nyesha, mvua! Nyesha mpaka Pasaka!

Nitaandika ninachokijua, ili nione kama nakijua kweli.

Kidato cha nne tulikuwa na mwalimu wa biolojia, Mwalimu Juliana, mwembamba, mkali, aliyetufundisha mpaka yasiyo kwenye mtihani kwa sababu alishindwa kujizuia. Alituonyesha mayai ya kuku yaliyoatamiwa, akayafungua moja baada ya jingine kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alisema samaki, chura, kuku, ng'ombe na sisi wenyewe tunayapata macho kwa njia moja.

Mwanzoni kabisa kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika, hakina uso. Ubongo ni bomba tu, na bomba lenyewe ni ngozi ya mgongoni iliyojikunja ikazama. Halafu pande mbili za bomba hilo zinavimba, kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Kila uvimbe unasogea nje, unasogea, mpaka ufike chini ya ngozi ya kichwa. Ukishafika unabonyea ndani, unakuwa kikombe kwenye kikonyo. Kikombe hicho ndicho sehemu ya nyuma ya jicho, inayopokea mwanga, na kikonyo ndiyo njia ya mshipa wake. Na ile ngozi ya juu, pale ilipofikiwa na kikombe, inanenepa, inadidimia, inajikata, inakuwa tone dogo ndani ya mdomo wa kikombe. Tone hilo ndilo lenzi. Ngozi ya kawaida kabisa! Ingekuwa ya shavu au ya paji la uso. Lakini imekaribiwa, basi ikawa sehemu ya jicho, na ngozi inayobaki juu yake inang'aa ikawa kama kioo.

Siku ile darasani niliona ni jambo la ajabu tu. Leo najua kwamba ni habari yangu na Seni. Mtu unakaa Ipogolo, ngozi tu, unasubiri kazi, mara mtu anakuja kuomba maji.

Turudi. Uvimbe ule usipotokeza, au ukitokeza ukanyauka njiani, kikombe hakipo na lenzi haipo. Kope zitakuja baadaye, maana kope ni ngozi inayojikunja yenyewe. Mlango upo, chumba hakipo. Ndivyo alivyo ndama wetu.

Na Mwalimu Juliana alikazia hili: yote haya hutokea mapema sana, mimba ikiwa changa, kabla miguu haijawa miguu.

Kwa hiyo swali si nani amefumba macho mwaka huu. Swali ni ng'ombe alipandwa lini.

Jumatatu, 7 Machi

Nimemuuliza Mayu tukiwa tunachambua mchele. Amecheka kwa mara ya kwanza tangu ndama azaliwe.

"Mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga. Nakumbuka kwa sababu lile dume la Bujiku lilivunja uzio likaingia usiku. Asubuhi Nyanda na Bujiku walitaka kupigana, Nyanda anasema dume limeharibu uzio, Bujiku anadai alipwe kwa kazi ya dume."

Dume la Bujiku! Karibu nimwage mchele. Wakati wa kuvuna mpunga ni Mei. Macho ya ndama yalishindikana mwezi uliofuata, au karibu na hapo. Seni alikuja kuomba maji Agosti.

"Mayu," nilisema, "mwambie baba hivyo."

Akatikisa kichwa. "Nitamwambia mwanamke kasoma kitabu? Atasema kitabu hakina ng'ombe. Nyanda haamini jambo mpaka aliinamie."

Vizuri. Ataliinamia.

Jumatano, 9 Machi

Mvua. Hakuna gari.

Jumatatu, 14 Machi

Kuku wangu ameacha kutaga, ananuna, amejitanua kwenye kapu na akisogelewa anadonoa. Anataka kuatamia! Nimembusu kichwani, akanidonoa mdomo. Nimeweka mayai kando kwa ajili yake na akishatulia nitamwekea kwa zamu, kwanza moja la kujaribia, kisha leo haya, kesho kutwa yale, nikiyatia alama za mkaa, ili siku moja nipate ya umri mbalimbali.

Jumatano, 16 Machi

Jua leo, la kuchoma. Tope linaanza kupasuka kingoni. Nalichukia jua.

Kashindye ameona alama za mkaa. Nilimweleza. Macho yakamtoka.

"Utavunja mayai yenye vifaranga? Wifi, wanatafuta kitu cha kukusema, na wewe unawaletea! Utaitwa mchawi kwelikweli."

"Nikivunja peke yangu, ndiyo. Kwa hiyo na wewe utakuwepo, na Mayu atakuwepo, mchana, uani, mlango wazi."

"Mimi simo."

"Utashika bakuli."

"Mimi simo, Wa Ndizi!"

Jumamosi, 19 Machi

Mvua imerudi. Asante. Nimelivunja lile yai la kujaribia mbele ya Mayu. Kashindye ameshika bakuli. Hakulitupa. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Moyo huo. Unapiga." Halafu akalia kidogo, na mimi nikalia pamoja naye, maana kweli ni kitu kilichokuwa hai. Mayu alitazama kwa muda mrefu, akaenda kwa mumewe bila kutuaga. Alirudi na jibu: atakuja mwenyewe kuona, Alhamisi, baada ya kukamua.

Alhamisi, 24 Machi

Ee Mungu, siku gani hii.

Niliweka bakuli tatu kwenye kigoda uani, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Niliyatoa mayai matatu chini ya kuku, la chini ya siku tatu, la siku nne hivi, na la karibu wiki. Nilipanga hivi: mimi nikae nyuma ya ukuta wa jikoni, Mayu ayavunje, mimi niseme kwa Mayu, Mayu amwambie mzee. Hivyo nisingevunja adabu. Nilijisifu kwa mpango huo tangu Jumapili.

Viatu vya tairi vikafika. Kigoda cha pili kikalia alipokaa.

"Haya," alisema. "Anayejua yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya ukuta," alisema Mayu.

"Hata leo?"

Kashindye alikohoa.

"Basi huo ukuta ndio unifundishe," alisema mzee, nikasikia kigoda kinalia tena. Alikuwa anainuka. Alikuwa anaondoka.

Nilimfikiria mama. Nilisimama pale na udongo wa ukuta puani, nikamfikiria mama jikoni kwake Tukuyu, na nikaona waziwazi kwamba mama alinifundisha kumheshimu baba wa mume wangu, na kwamba tangu Desemba kila nilipomheshimu nilimtukana. Nilitoka. Nikapiga magoti mbele yake. Nikaondoa khanga kichwani. Nikainua uso.

Seni! Macho ya Seni, kabisa, yamekaa kwenye uso wa mzee, yana mikunjo pembeni, ya kahawia iliyoiva, na jicho la kushoto linachelewa kidogo kufunguka vilevile. Nimekuwa nikiyakimbia macho hayo miezi mitatu huku nikiyalilia Iringa.

"Mwangaluka, baba," nilisema.

Alikaa chini.

"Mwangaluka, mwanangu," alisema. "Kumbe una sauti."

Basi nikawa sina woga tena. Nilivunja yai la kwanza. Juu ya kiini kulikuwa na uzi mwembamba wa damu, na kitone chekundu kinachopiga.

"Huo ni moyo, baba. Uso bado. Ubongo ni bomba tu. Macho yameanza kuchomoza kwenye bomba lakini kwa macho yetu hatuyaoni."

La pili. Aliinama. Mayu alikuwa amesema kweli, mzee huyu haamini mpaka ainame, na akiinama anainama mpaka pua iguse maji. Kijidudu kilichokunjamana, na kwenye kichwa nukta nyeusi.

"Jicho?"

"Jicho, baba."

"Linanitazama?"

"Halioni bado. Limeumbwa tu."

La tatu. Kichwa chote ni jicho, jeusi, kubwa, limetuna, mwili umening'inia nyuma yake kama mkia. Kashindye alisema, "Uwi!"

"Tazama miguu, baba. Ni vijiti tu, havina hata kidole. Manyoya hayapo. Macho yametangulia mbali. Na kwa ng'ombe ni hivyohivyo."

Mzee alikaa, mikono magotini. Nilidhani amekataa. Kisha akasema, kama anayezungumza na mtu wa mbali:

"Mwaka wa njaa, kule Maswa, tulichinja majike yaliyokuwa yanakufa. Mengine yalikuwa na mimba changa. Nilimtoa ndama wa kutosha kiganjani, kama panya. Hana nywele. Lakini macho yalikuwepo, meusi, chini ya ngozi. Nilishangaa nikasahau." Akanigeukia. "Kwa hiyo huyu wetu alikosa macho mpunga ukiwa bado unaanikwa."

"Ndiyo, baba. Hapo hapo."

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Ipogolo, kwa shangazi. Sikumjua Seni. Seni hakunijua."

"Nini kiliyazuia?"

Nilitaka sana kuwa na jibu. "Sijui, baba. Pengine chakula cha mama yake, pengine damu ya ukoo. Sababu siijui. Wakati ndio ninaoujua."

"Mh," alisema. "Bujiku yeye sababu aliijua upesi sana." Halafu: "Na dume lilikuwa lake."

Mayu alianza kucheka akajiziba mdomo.

Kisha akaniuliza kwa nini nilikuwa namkimbia. Nilimweleza yote, mama, jikoni, kuacha njia, nguo kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile siku ulipojitupa kwenye majaruba?"

"Heshima, baba."

"Ile siku," alisema mzee Nyanda, "nilikwenda kuoga. Kwa sabuni. Mara mbili."

Kashindye alianguka chini. Kweli, alianguka, akagaagaa uani. Na baba mkwe wangu akacheka, na anacheka kwa mabega.

Ijumaa, 25 Machi

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Maji yako ya moto sana."

Nimempunguzia. Ameniambia ndama ni wangu.

Jumapili, 3 Aprili

Jua siku ya tatu. Watu wa barabara wamejaza kokoto kwenye mashimo. Wa kisimani bado wananyamaza. Bujiku amesikia habari za mayai na anasema nimewaroga wote watatu kwa bakuli. Ametuma neno kwamba gari la kwanza likipita, atakuja kunisindikiza kama walivyoagana. Baba mkwe hakujibu kitu. Sijamuuliza. Nimelala vizuri, lakini sijui amenyamaza na nini.

Jumamosi, 9 Aprili

Lori limepita leo, mkesha wa Pasaka, la kwanza tangu Februari. Tulisikia honi kabla ya kuliona. Bujiku alikuwa ameshafika uani, koti la sikukuu, fimbo, watu kadhaa wa kijiji nyuma yake waliokuja kuona bibi harusi anavyorudishwa.

"Kaka, gari lile," alisema. "Afunge vitu vyake."

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini. Hakuinua kichwa. "Leo hapandi mtu," alisema. "Leo anashuka mtu."

Na akashuka! Seni wangu, amebeba mkoba, amenenepa kidogo, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nilikimbia mbele ya watu wote, mbele ya baba mkwe wangu, kichwa wazi, na sitasema zaidi ya hapo ila kwamba wazee waligeuka kando.

Seni alisalimia. Alimsikia baba yake ananiita, "Damari, leta maji," akanisikia naitika, "Abee, baba," akabaki mdomo wazi. Ilibidi asimuliwe palepale uani. Mayu akianza, Kashindye anamkatiza, na mimi nasahihisha.

Bujiku alisubiri wachoke, kisha akapiga fimbo chini. "Maneno ya wanawake watatu na mzee aliyelainika. Mimi sikuonyeshwa. Leteni yai. Livunjeni hapa mbele ya kijiji, nione hilo jicho."

Watu wakanitazama. Sikuwa na hofu hata chembe. Nilikwenda kwenye kapu. Kuku wangu alinidonoa, nikachukua moja la yale yaliyobaki, zito, la moto, na nilipolishika nilihisi kitu kinagonga kidogo kutoka ndani. Nilitaka kusema. Mkono wa baba mkwe ukalifunika yai mkononi mwangu. Alikuwa ameinuka bila mtu kuona.

"Hili halivunjwi," alisema. "Haya yaliyobaki yaache yaone." Akamgeukia ndugu yake. "Bujiku, kaa chini, ule. Ukitaka kuyaona macho, subiri yatoke yakutazame yenyewe."

Bujiku alisimama kidogo na fimbo yake. Halafu akavua koti, akakaa karibu na kapu. Alikuwa bado amekaa pale jioni ganda la kwanza lilipopasuka.